Shajara ya Impreza: rimu, matairi na alaimenti kabla ya masika kuisha

Jumamosi, 15 Februari 2025. Njiro, Arusha. Kilomita 148,210

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, bodi ya GDA, injini ya EJ205 yenye turbo na giaboksi ya mkono. Lilitoka Japan likiwa na rimu za inchi 17 na matairi ya 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Nilikuwa nimejiapiza kwamba mwaka huu sitaligusa, lakini tairi la mbele kushoto limenirudisha chini yake. Mwezi Desemba nilinunua matairi mawili mapya ya mbele kwa kuwa yaliyotangulia yalikuwa yameliwa upande wa ndani hadi nyuzi zikachungulia, na leo, baada ya kilomita zisizofika 4,000, ukingo wa ndani wa tairi hilo jipya umebakiwa na kashata, ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara, ya milimita 5, ilhali ukingo wa nje bado una 7. Katika kipindi hicho hicho gari limefanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa kwa magurudumu, mara mbili, na mara zote mbili nilikabidhiwa karatasi ambayo mstari wake wa tou (mwelekeo wa magurudumu) ulikuwa wa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kumlaumu mtu nilipima mzingo wa kila tairi. Utepe wa fundi cherehani una sentimita 150 tu na tairi langu linakaribia mita mbili, kwa hiyo niliunganisha tepe mbili kwa gundi ya karatasi, nikaipandisha kila pembe ya gari kwa jeki na kuzungusha utepe katikati ya kashata. Matairi ya mbele yalitoa milimita 1,961, na ya nyuma, ambayo ni ya zamani zaidi, yalitoa 1,934. Tofauti ni milimita 27, na Subaru hutaka tofauti kati ya matairi ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, kama hili, isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6.

Hili linaeleza jambo ambalo nilikuwa nikilipuuza: gari hujikaza kwenye kona za polepole, hasa ninaporudi nyuma kuingia getini, kana kwamba mtu amesahau kushusha hendi breki. Difu ya kati ya WRX ya giaboksi ya mkono, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina chombo chenye mafuta ya silikoni ambayo hukazana pale ekseli ya mbele na ya nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti. Matairi yasiyolingana huifanya difu iamini kwamba magurudumu yanateleza wakati wote, hata kwenye lami kavu iliyonyooka, na joto linalozalishwa humo halina pa kwenda. Desturi yetu ya kununua matairi mawili mawili, ambayo haina madhara kwenye Corolla, hapa inaua difu polepole, nami nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Leo nilikaa na karatasi mbili za alaimenti na kuzisoma kwa makini badala ya kutazama rangi. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzisoma: tou ni jinsi magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, yawe yamefumba kwa mbele kama vidole vya mtoto anayejifunza kutembea au yamefumbua, kemba ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Kwenye karatasi zote mbili tou ya mbele ilikuwa sifuri, safi kabisa. Kemba ya mbele kushoto ilikuwa nyuzi 0.2 kuingia ndani na ya kulia 0.9, na mistari hiyo miwili ilikuwa na rangi nyekundu. Nilipouliza wakati ule, kijana wa kwenye mashine alinijibu, “Kaka, kemba ya gari hii haigusiki, ndivyo ilivyoumbwa.”

Simlaumu sana. Kazi kubwa ya vituo vya alaimenti hapa Arusha ni Land Cruiser za watalii, na nyingi kati ya hizo, zile za mfululizo wa 70 zenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachoshika magurudumu yote mawili, kweli hazina cha kurekebisha zaidi ya tou. Mtu aliyefanya mia moja za namna hiyo huamini kwamba dunia yote ina ekseli nzima. Kwenye Impreza bolti la juu kati ya mawili yanayoishika shokapu ya mbele lina kichwa cha kiekisentriki, yaani kisichozungukia katikati yake, nalo likizungushwa huinamisha gurudumu ndani au nje.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba tairi linaloliwa ndani ni la kushoto, ambalo kemba yake ni ndogo kuliko ya kulia. Kama kemba ndiyo ingekuwa mwizi, tairi la kulia lingeliwa kwanza. Mwizi alikuwa mahali pengine, na karatasi haikumwona.

Mchana nililipeleka gari kwa fundi mzee wa mtaa wa Unga Limited ambaye amezeekea kwenye magari ya rali. Hakuitazama karatasi. Alimwambia kijana wake akanyage breki na kuachia, akanyage na kuachia, huku yeye amelala chini na nondo amelichomeka kati ya fremu na mkono wa chini wa kushoto, ule unaounganisha gurudumu na fremu. Kila breki ilipokanyagwa na gari kusukumwa, mkono ule ulirudi nyuma kwa karibu unene wa kidole. Bushi kubwa ya nyuma ya mkono, yaani mpira wa kiungio chake, ilikuwa imechanika nusu duara, na ufa wake ulifumbuka na kufumba kama mdomo wa samaki.

“Karatasi yako ni ya gari lililosimama, mwanangu,” alisema akijifuta mikono. “Wewe unaendesha lililosimama?”

Mashine ilipima kweli, na fundi wa kwanza alirekebisha kweli, ila walipima gurudumu ambalo lilihama mara tu nilipoingia barabarani na kugusa breki. Likivutwa nyuma hivyo lilifumbua, na tairi likaburuzwa kwa ukingo wake wa ndani.

Jumamosi, 8 Machi 2025. Kilomita 148,655

Bushi mpya za mikono yote miwili ya mbele zimepachikwa, pamoja na bol joint ya kushoto ambayo ilikuwa na mchezo kidogo. Jambo moja la kuandika ili nisilisahau: bolti za mkono wa chini hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira wa bushi hubaki umesokotwa siku zote gari likishushwa, na hauchukui muda kuchanika tena. Mzee alizishika kwa mkono tu, akashusha gari, akalitikisa mara kadhaa kwa kukalia boneti, kisha akaingia chini na kukaza gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Pengine aliyezipachika bushi zilizotangulia hakufanya hivyo.

Jumapili, 16 Machi 2025

Wiki nzima nimekuwa nikibishana na nafsi yangu kuhusu rimu, na leo nimekata shauri. Moyo ulitaka 17 zibaki, na rafiki zangu wote wanasema kuipunguzia Impreza rimu ni kama kumvalisha bwana harusi kandambili. Hesabu ilisema vingine. Ukuta wa tairi la 215/45R17 una urefu wa milimita 97 hivi. Wa 205/55R16, ambao ni mmoja wa vipimo ambavyo WRX ya kizazi hiki ilitoka navyo kiwandani kwa baadhi ya masoko, una karibu 113. Milimita 16 zinaonekana kidogo mezani, lakini ndizo zinazotenganisha rimu na ncha ya shimo pale lami inapokatika ghafla, na kwa mtu anayepita matuta na rasta kila siku kati ya Njiro na mjini, tena akiwa na rimu mbili zilizokwishapinda, hizo ni milimita zenye thamani. Magari ya rali yenyewe hukimbia kwenye changarawe na rimu za inchi 15, na zile kubwa za 18 huwekewa lami. Nani basi alituambia kwamba rimu kubwa ndiyo kasi?

Kipenyo cha jumla hakibadiliki sana: 625 kwa lile la zamani na 632 kwa jipya, yaani asilimia 1 na kidogo, kwa hiyo spidomita ikionyesha 80 gari litakuwa linakwenda karibu 81. Kwa askari wa barabarani hiyo si kesi. Gharama halisi ni kwamba ukuta mrefu hunepa zaidi, na usukani utachelewa kujibu kwa kiasi fulani. Nimelikubali hilo nikijua kwamba sina uwanja wa mbio wa lami wa kukimbilia, nina barabara ya Moshi tu.

Kutafuta rimu, nilikokuanza hata kabla ya kukata shauri, kulichukua Jumamosi mbili. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba rimu zake za matundu matano kwa milimita 100 (matundu ya bolti kwenye duara la kipenyo hicho) “zinaingia kila gari”. Zilikuwa za Toyota, ambazo tundu lake la katikati ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1, haziwezi kukaa hata ukizisukuma kwa bega. Muuzaji wa pili alikuwa na za Volkswagen, matundu yale yale matano kwa 100, katikati 57.1. Hizi huingia, ila hubaki na nafasi ya milimita moja, na rimu isiyokaa juu ya kitovu hutetemeka kwenye mwendo hata balansi ikiwa sahihi, isipokuwa utafute pete za kuziba nafasi hiyo. Hatimaye nilipata seti ya Subaru yenyewe, upana inchi 6.5, ofseti 55 (milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye kitovu). Niliijaribu moja mbele kabla ya kulipa, nikalizungusha gurudumu kwa mkono huku nikisikiliza kama linagusa kalipa ya breki. Halikugusa.

Jumanne, 18 Machi 2025

Uchaguzi wa matairi yenyewe. Niliyoyapenda ni Yokohama Advan Neova AD08R, tairi laini lenye namba ya uchakavu 180 (kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo tairi hutarajiwa kuisha haraka), ambalo muuzaji mmoja alikuwa nayo manne ya mtumba kutoka Japan. Kashata ilikuwa nzuri ya kutamanisha. Kisha nikainama na tochi kutafuta zile tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, nikasoma 1716: wiki ya 17 ya mwaka 2016. Mpira laini wa karibu miaka tisa umekwisha kukauka, na ulaini ndio kitu pekee kinachofanya tairi la namna ile lilipiwe zaidi. Kwenye mabega yake kulikuwa na vipasuko vyembamba kama vya tope lililokauka. Nilirudisha tochi mfukoni.

Namba ya uchakavu ina mipaka yake, kwa sababu kila kampuni hujipimia na kujipa namba yenyewe. 300 ya kampuni moja si lazima iishi muda mrefu kuliko 260 ya nyingine. Herufi ya mshiko nayo, AA, A, B au C, hupima kufunga breki kwa kunyooka kwenye lami yenye maji, na haisemi lolote kuhusu kona. Bado ni afadhali kuzisoma kuliko kumsikiliza muuzaji. Nilichukua matairi mapya ya michezo ya barabarani, 205/55R16 91V, namba 300, mshiko A. Sitaji kampuni kwa kuwa mwenye gari jingine anapaswa kutafuta namba, si jina. Hiyo 91 inamaanisha kila tairi hubeba kilo 615, na V ni kilomita 240 kwa saa, ambazo sina nia ya kuzikaribia. Kilichoniamulia ni mifereji mipana, kwani masika yanabisha hodi. Yote manne ni ya wiki moja, 3224, na utepe wangu wa cherehani ulitoa tofauti ya milimita 2 kati ya kubwa na dogo.

Jumamosi, 22 Machi 2025. Kilomita 148,902

Matairi yamevalishwa na kufanyiwa balansi. Nati za Subaru zina nyuzi nyembamba za M12 kwa 1.25 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.25), ilhali za Toyota ni 1.5, na kijana wa tairi alikuwa tayari ameokota moja isiyo yake kutoka kwenye kopo. Nilikaza zote kwa spana ya kipimo, Nm 100, kwa mtindo wa nyota.

Jumamosi, 29 Machi 2025

Siku ya alaimenti. Safari hii nilikwenda kituo kingine, nikiwa na orodha yangu na chupa ya mafuta ya kulegeza kutu ambayo nilikuwa nimeyapulizia bolti za nyuma tangu Alhamisi. Niliomba mambo manne yafanyike kabla ya mashine kuwashwa: upepo wa matairi yote upimwe yakiwa baridi, tenki liwe nusu, vitu vyangu vitolewe buti, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukalie kiti cha dereva. Fundi alicheka kuhusu saruji. Hata hivyo alikuwa mtu wa kusikiliza, na tulipoona kipimo cha kemba kikibadilika mfuko ulipowekwa, aliacha kucheka na kuita wenzake waje watazame.

Vipimo vya kwanza vilithibitisha alichosema mzee. Tou ya mbele, ambayo ilikuwa sifuri bushi zikiwa mbovu, sasa ilisomeka milimita 4 kufumba, kwa sababu ilikuwa imerekebishwa kufuata mkono uliokwisha kuhama. Milimita 4 kwa jumla ni 2 kwa kila gurudumu, na kwa kipenyo cha rimu ya inchi 16 hizo ni kama nyuzi 0.28. Nyuzi hizo humaanisha kwamba katika kila kilomita moja tairi linaburuzwa kando karibu mita 5. Kutoka hapa hadi Moshi, kilomita 80 hivi, ni mita 390, karibu viwanja vinne vya mpira ambavyo tairi linasafiri likiwa limelala ubavu.

Tulianza nyuma. Watu wengi huanza mbele, na hapo ndipo usukani hukaa upande siku zote, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Kemba ya nyuma kwenye gari hili haina marekebisho ya kiwandani, na ilikuwa nyuzi 1.3 kushoto na 1.2 kulia, kwa hiyo tuliiacha. Tou ya nyuma ilikuwa imefumba milimita 1.5 kushoto na kufumbua 0.5 kulia, yaani ekseli yote ilikuwa ikilisukuma gari kwa pembe kama kaa. Bolti la kulia liligoma kwa dakika arobaini. Lilipokubali, tuliweka milimita 1 ya kufumba kila upande.

Kisha kemba ya mbele, na tou mwisho kabisa, kwa sababu ukiigusa kemba tou nayo huhama. Nilitaka nyuzi 1.2 kuingia ndani pande zote mbili ili tairi likanyage vizuri kwenye kona. Kulia kulifika bila shida. Kushoto, kulikoanzia 0.2, bolti lilifika mwisho wa mzunguko wake kwenye 1.0. Fundi alipendekeza tuiache kulia kwenye 1.2 kwani “namba ni nzuri”. Nilimwomba airudishe hadi 1.0, kwa kuwa gari lenye kemba zisizolingana huvuta upande wenye kemba ndogo, na kulingana kuna faida kubwa kuliko sehemu mbili za kumi za nyuzi. Kasta hairekebishwi kwenye gari hili. Ilitofautiana kwa nyuzi 0.1 tu. Tou ya mbele tuliiweka sifuri, usukani ukiwa umefungwa kwa kibano katikati. Nililipa shilingi 40,000, na nyingine 10,000 kwa ajili ya yale mabishano na bolti.

Alhamisi, 10 Aprili 2025. Kilomita 149,730

Gari lilikuwa likielekea kushoto kidogo kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru. Kabla ya kurudi kwenye mashine nilitafuta mahali ambapo barabara ni tambarare kweli, kwa maana barabara zetu humwagia maji kushoto, na gari lolote lililonyooka litafuata mteremko huo taratibu. Kwenye sehemu tambarare bado lilivuta, kidogo. Nilibadilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto, jambo ambalo linawezekana kwa kuwa kashata yake haina mshale wa mwelekeo. Mvuto ukatoweka. Lingekuwa kosa la alaimenti, mvuto ungebaki upande ule ule. Huu ulitoka kwenye umbo la tairi lenyewe, na ungenigharimu safari ya bure.

Jumamosi, 26 Aprili 2025. Moshi. Kilomita 150,415

Mvua ilianza Usa River na haikuniacha hadi Boma Ng'ombe. Mifereji ya matairi ilifanya kazi yake: mara mbili nilipita dimbwi la upande mmoja, na usukani haukunyang'anywa mkononi kama zamani. Nikifunga breki gari linashuka sawasawa, bila ule mtikisiko wa kushoto ambao nilikuwa nimeuzoea hadi nikaudhani ni tabia yake. Kwenye kona kweli kuna ule uzembe mdogo wa mwanzo, kama gari linafikiri kwanza, kisha linashika. Nilitoka Njiro na psi 34 mbele na 32 nyuma yakiwa baridi. Asubuhi hapa Moshi, mita karibu 500 chini ya Arusha, nilitarajia kipimo kishuke kwa karibu psi 0.8 kwa sababu ya hewa nzito zaidi ya huku chini, lakini joto la Moshi lilikuwa limekirudisha, na kilisoma 34 na 32 vile vile.

Jumamosi, 10 Mei 2025. Njiro. Kilomita 151,240

Baada ya kilomita 2,338 tangu matairi yavalishwe nimepima kashata sehemu tatu kwa kila tairi. Mbele kushoto: ndani 7.4, katikati 7.4, nje 7.5. Mbele kulia: 7.4, 7.5, 7.5. Nyuma yote mawili ni 7.6 kote. Tofauti ya mbele na nyuma imeanza kuonekana, kwa hiyo leo nimehamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, na nitafanya hivyo kila kilomita 5,000 ili utepe usije ukanisuta. Gari linaingia getini kinyumenyume bila kujikaza.

Limebaki tairi la akiba. Lililopo ni lile jembamba la dharura, na siwezi kuliweka kwenye gari la difu ya kati kisha nikaenda nalo mbali. Nimemwomba muuzaji anitafutie la tano la aina ile ile. Alilonalo dukani ni la wiki ya 9 ya mwaka huu, kashata kamili ya milimita 8, na rimu ya tano ya Subaru bado sijaipata. Jumamosi ijayo narudi kwa yule muuzaji wa pili, ambaye amenipigia simu kusema ana moja, na safari hii nimemwambia aipime katikati kabla sijapanda daladala.